Maswali ya Wasomaji: Bikoni Iliyomezwa na Kichuguu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mikoa ya Lindi na Mtwara, na karibu zote zinahusu jambo moja, nalo ni safari ya siku moja ya kwenda msituni kutafuta alama za mipaka ya zamani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ameuliza waziwazi lile ambalo wengine wamelizungukazunguka.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Lindi Mjini. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa kufyeka mipaka ya misitu, na katika sanduku lake nimekuta karatasi ya Kiingereza iliyopigwa taipu, inayoeleza mpaka wa msitu mmoja wa upande wa Rutamba: kuanzia bikoni namba 1, kwa nyuzi kadhaa na futi kadhaa, hadi bikoni namba 2, na kuendelea hivyo mpaka inaporudi ilikoanzia. Nilikwenda na wenzangu wawili, tukazunguka tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri bila kuona hata jiwe moja. Je, alama hizo bado zipo? Na kama zipo, tuzitafute vipi ili siku nyingine isipotee bure?*
Mwalimu, Lindi Mjini

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Karatasi hiyo itunze mbali na mchwa, maana aliyeiweka sandukuni alijua thamani yake.

Kwa ninavyoona, kosa lenu lilikuwa moja tu: mlikwenda kutafuta jiwe. Bikoni ni kitu kidogo mno kutafutwa msituni kwa macho. Zile za zamani aghalabu ni donge la zege lenye upana wa shibiri moja au zaidi kidogo, lililozamishwa ardhini hadi uso wake ukabaki sawa na udongo au ukachomoza vidole vichache, na katikati yake pamesimikwa kipande cha chuma. Miaka sitini ya majani makavu, mvua na mchwa inatosha kabisa kulifunika, na mtu anaweza kulikanyaga akapita huku akilalamika kwamba wazee walidanganya.

Lakini waliojenga bikoni hizo walijua kwamba zitapotea, na ndiyo maana hawakuliacha donge peke yake. Penye mawe walilizungushia rundo la mawe, na kwenye kona nyingi walichimba mitaro miwili mifupi inayoanzia karibu na bikoni, mmoja ukielekea ilikotoka mistari ya mpaka na mwingine ukielekea inakokwenda, kama mtu anyooshaye mikono yake miwili kuonyesha njia. Kati ya kona na kona walifyeka mkuza wenye upana wa hatua chache, ambao ulipaswa kusafishwa kila baada ya muda, na hiyo bila shaka ndiyo kazi aliyoifanya marehemu baba yako. Sehemu nyingine walipanda miti ya kigeni kwa safu kando ya mkuza ili hata ukisahauliwa uendelee kuonekana. Sasa zingatia jambo hili: zege hupasuka, chuma huliwa na kutu, mawe huchukuliwa na watu kwa ajili ya mafiga na misingi ya nyumba, lakini mtaro uliochimbwa vizuri huacha bonde dogo linaloweza kuonekana baada ya miongo mingi, kwa kuwa hakuna mwenye haja ya kuufukia. Tafuteni mtaro na mstari. Zege litajitokeza lenyewe.

Kuhusu karatasi yako, hiyo ni nakala ya maelezo ya mpaka, ambayo kwa kawaida hutolewa katika tangazo la serikali msitu unapotangazwa kuwa hifadhi. Utengaji wa misitu katika nchi hii ulianza tangu Wajerumani, waliotunga sheria yao ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na Waingereza wakatunga ya kwao mwaka 1921. Misitu mingi ya hifadhi ina ramani yake ya mpaka yenye namba inayoanzia na herufi Jb. Nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, uulizie ramani ya msitu huo kwa namba hiyo, na wakati huohuo uombe ruhusa ya kuingia, kwa sababu hifadhi haiingiwi kama uwanja wa mpira. Kisha pita kwa mwenyekiti wa kijiji. Hilo wengi huliona usumbufu, nami huwaambia kwamba watu wageni watatu wenye dira na kamba wanaotembea kando ya mashamba ya watu huzua uvumi kabla ya saa sita mchana, na uvumi wa ardhi hauzimwi kwa maelezo.

Ukiwa kijijini, uliza ni nani huchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Sisemi hivyo kwa mzaha. Wachimba ming'oko wa Lindi na Mtwara huusoma udongo wa msitu hatua kwa hatua, wakifuata mizizi, na jembe lao likigonga zege wanakumbuka mahali hapo kwa sababu limewaharibia makali. Wawindaji wanajua njia na wakata nguzo wanajua miti, lakini mwenye habari za kilichofukiwa ni mchimba ming'oko.

Nitakusimulia safari yangu moja, kwa kuwa ndani yake mna karibu yote unayoyauliza. Ilikuwa mwezi wa Septemba, mimi na mjukuu wangu wa kidato cha tatu, tukiongozwa na bibi mmoja mchimba ming'oko ambaye alikubali kufuatana nasi kwa sharti kwamba tumsaidie kubeba kapu wakati wa kurudi. Tulikuwa na maelezo kama yako. Bikoni tuliyoianzia ilikuwa kando ya barabara, ikijulikana na kila mtu, na kutoka hapo karatasi ilisema tuende futi 1,320 kuelekea kona inayofuata. Mjukuu wangu akacheka akauliza kwa nini wasingesema mita 400. Nikamweleza kwamba wapimaji wa enzi hizo walivuta mnyororo wa futi 66, ambao ni kama mita 20 na sentimita 12, na kwamba futi 1,320 ni minyororo 20 kamili, sawa na mita 402. Nawe ukiona katika karatasi yako tarakimu zinazogawanyika kwa 66, ujue unatembea katika nyayo za mnyororo.

Tulifuata dira, tukipima kwa kamba ya mita 20 niliyoifunga mafundo. Baada ya kamba ya kumi na mbili msitu ulikuwa mzito, na mstari wetu ukaingia katika kichaka cha mianzi ambacho hakipitiki. Tukakizunguka, na hapo tukapoteza uhakika wa mahali tulipo. Nikasimama kusoma karatasi upya, kama afanyavyo mzee aliyechoka anayetaka kuonekana anafikiri. Bibi yeye hakuwa na habari na karatasi. Alikuwa ameinama kiasi cha hatua thelathini kutoka kwetu, akitazama ardhi, kisha akasema, "Hapa palichimbwa, na si sisi tuliochimba." Shimo la ming'oko, alituonyesha, ni la mviringo, lina kina kirefu na udongo wake hutupwa upande mmoja. Lile lilikuwa bonde la kina cha goti, refu kama hatua nne, lenye kingo mbili zilizolingana. Tukalifuata kwa macho hadi mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kichuguu.

Kichuguu chenyewe hakikuwa kikubwa, kilinifika kiunoni. Hatukukivunja. Mjukuu alipapasa upande wa chini, palipomomonyolewa na mvua, akatoa majani kwa mkono, na pakaonekana ukingo wa zege wenye rangi ya majivu, umepasuka vipande vitatu. Chuma cha katikati kilikuwa kimevimba kwa kutu hadi kikalipasua zege kutoka ndani, kwa sababu kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Juu ya kipande kimoja palikuwa na tarakimu iliyochongwa wakati zege lilipokuwa bichi. Ilijaa udongo mwekundu wa mchwa. Mjukuu akaipangusa kwa kijiti cha kiberiti, pole sana, na ikasomeka 2. Mguu mmoja wa ile mbili ulikuwa umeburuzwa kidogo, kama mtu aliyeandika kwa haraka zege likiwa linaanza kukauka. Tulipopima kutoka hapo kurudi barabarani kwa kuzunguka ile mianzi vizuri, hesabu yetu ilipishana na karatasi kwa mita sita tu, na naamini kwamba makosa yalikuwa yetu wala si ya wale waliovuta mnyororo.

Kutokana na siku ile, haya ndiyo ninayokushauri. Anza kwenye kona inayojulikana, iwe barabarani, mtoni au penye bango la hifadhi, wala usianze katikati ya mpaka. Usipokuwa na uhakika, rudi kwenye alama ya mwisho uliyoiona badala ya kubahatisha mbele. Kumbuka pia kwamba kaskazini ya dira si kaskazini ya ramani, na kwamba tofauti kati ya hizo mbili hubadilika taratibu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nyuzi zilizopimwa kwa dira zamani hazitakupeleka mahali palepale leo. Hitilafu ya nyuzi tatu katika mita 400 inakuweka pembeni kwa mita zipatazo 20, na katika kichaka kizito mita 20 ni nchi nyingine. Kwa hiyo ukimaliza kupima usitazame chini ya miguu yako tu. Weka kijiti hapo, kisha mzunguke kukizingira kwa duara zinazopanuka, kila mmoja akitafuta mtaro.

Wakati mzuri ni Agosti na Septemba. Mvua zetu huku kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mnapokwenda mwezi wa tano nyasi huwa zimewapita kichwani. Kiangazi kikikolea majani hupukutika na mstari ulionyooka unaonekana kwa mbali. Tatizo la kiangazi ni upupu. Maganda yake yanapokauka, unyoya wake hupeperushwa na upepo, na mtu aliyepita chini yake bila kujua hatakuwa na hamu ya bikoni siku hiyo. Vaeni mikono mirefu, fungeni suruali kwenye soksi, na mtu akiwashwa asijikune. Chukueni maji ya kutosha, panga moja tu la kufungulia njia nje ya hifadhi, daftari, penseli na kamba. Filimbi pia, kwa kuwa sauti ya mtu hupotea haraka mno msituni. Mgeuke kurudi saa nane mchana, hata kama bikoni inayofuata iko umbali wa kamba tano. Upande wa Liwale na baadhi ya sehemu za Kilwa, ambako tembo hupita, usiende bila mtu wa maliasili wa kijiji.

Msitu wa Litipo, ulio jirani na ziwa Rutamba, una takriban hekta 1,000, kwa hiyo si mkubwa ukiulinganisha na mingine. Ikiwa karatasi yako ni ya huko, usijaribu kuuzunguka wote kwa siku moja. Kona mbili kwa siku ni mavuno mazuri.

*Mzee, nilipewa namba za bikoni kutoka kwenye ramani ya zamani ya kupima, nikaziingiza kwenye simu, na simu ikanielekeza moja kwa moja hadi katikati ya shamba la mikorosho la mtu ambaye hana habari yoyote ya bikoni. Alinifukuza. Je, ramani ni ya uongo au simu yangu ni mbovu?*
Fundi simu, Mtama

Ndugu yangu, vyote viwili ni vizima, ila havizungumzi lugha moja. Ramani nyingi za upimaji za nchi yetu zilichorwa katika mfumo uitwao Arc 1960, ambao hulichukulia umbo la dunia kwa vipimo vilivyokadiriwa mwaka 1880. Simu yako inatumia mfumo wa setilaiti uitwao WGS84, wenye vipimo vingine na kitovu kingine. Namba zilezile za mita zikisomwa katika mfumo usio wake, hapa kusini mwa nchi zinakupeleka zaidi ya mita 300 mbali na mahali panapotakiwa, na kwa sehemu kubwa utajikuta upande wa kaskazini. Bila shaka bikoni yako ilikuwa inakungoja kusini ya huyo mwenye mikorosho, naye alikuwa na haki ya kukufukuza.

Dawa yake si ngumu. Programu nyingi za ramani zinakuruhusu kuchagua mfumo kabla ya kuingiza namba, nawe uchague Arc 1960, kanda ya 37 kusini, ambayo ndiyo kanda ya Lindi na Mtwara. Kama yako haina chaguo hilo, mpelekee namba mpima wa halmashauri akubadilishie, ni kazi ya dakika chache. Hata ukishabadilisha, usitegemee simu ikuweke juu ya zege. Chini ya matawi mazito inaweza kukosea kwa mita kumi na zaidi, na hapo unarudi kwenye yale niliyomwambia Mwalimu: tafuta mtaro.

Halafu mwombe radhi mwenye shamba. Huenda babu yake ndiye aliyeshika mnyororo.

*Shikamoo Mzee. Tulipokwenda na wanangu katika pori lililo nyuma ya mashamba yetu tulikuta safu ya miti iliyonyooka kabisa, na mbele zaidi miembe mikubwa isiyo na mwenyewe, na mbele tena tuta refu la udongo. Wanangu wanabishana. Mmoja anasema yote ni mipaka ya Mjerumani, mwingine anasema ni mahame. Yupi yuko sahihi?*
Mama wa watatu, Mikindani

Marahaba, mama. Kwa namna ulivyoeleza, kila mmoja ana theluthi yake, na theluthi ya tatu haina mwenyewe.

Safu ya miti kwanza. Angalieni ni miti gani. Msitu wa asili haupandi kwa mstari, kwa hiyo mkikuta mijohoro au mitiki, ambayo wengine huiita misaji, imesimama kwa safu huku ikizungukwa na miti ya kienyeji, ujueni kwamba ni mkono wa mtu. Mijohoro na mitiki ililetwa kutoka Asia na ilipendwa na idara ya misitu kwa kupanda mipakani, kwa kuwa ukiikata huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Ikiwa safu ni ya mkonge uliogeuka pori, huenda ni ukingo wa shamba kubwa la mkonge la zamani, na mashamba hayo yalipimwa, kwa hiyo yana bikoni kwenye kona. Minyaa nayo hupandwa sana kwenye mipaka, lakini huo ni mpaka wa watu na boma zao, haupo katika ramani ya mpima, ingawa barazani una uzito wake.

Miembe mikubwa isiyo na mwenyewe, mwanao wa pili amesema kweli, kwa kawaida ni mahame. Watu wa mikoa hii walihamishwa kwenda vijiji vya pamoja katika miaka ya mwanzo ya 1970, na hapa Mtwara zoezi hilo lilitangulia kuliko mikoa mingi kwa sababu ya vita vya ukombozi vilivyokuwa ng'ambo ya Ruvuma. Nyumba za udongo ziliyeyuka kwa mvua, miembe ikabaki. Itazameni vizuri: mahame hayana mstari, miembe hukaa kwa mafungu kama ilivyokaa nyumba, na chini yake mtaona vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililovunjika, pengine kaburi. Mkiona makaburi ondokeni kwa heshima, na mkifika nyumbani mwaulize wazee yalikuwa ya ukoo gani.

Tuta ndilo lililonifurahisha. Pimeni kama linakwenda limenyooka kisha linavunjika kwa kona kali, au linapinda polepole kama upinde. Mpaka wa bikoni haupindi, huenda moja kwa moja hadi kona kisha hugeuka ghafla, isipokuwa pale unapofuata mto. Tuta linalopinda polepole, lenye mitaro pande zote mbili na lisilopanda kilima kwa ukali, huenda likawa tuta la reli. Reli ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Treni haiwezi kugeuka kwa kona ya bikoni, na hicho ndicho kipimo kisichokosea. Nimewahi kutembea saa nzima juu ya tuta la namna hiyo nikidhani nimepata mkuza mzuri kuliko yote niliyopata kuona. Niligutuka nilipofika kwenye kalvati.

*Mzee, hapa kwetu watu wanasema chini ya bikoni za Mjerumani kuna rupia au zebaki, na kwamba zege liliwekwa kuficha. Mimi na rafiki zangu tunajua zilipo mbili. Je, tukichimba kisha tukarudisha zege mahali pake, kuna ubaya?*
Kijana, Nachingwea

Upo. Nimeshuhudia bikoni nyingi zilizofukuliwa, na chini yake nimekuta udongo. Chini ya udongo kulikuwa na udongo. Mpima hakuwa na rupia za kuzika, alikuwa na mfuko wa saruji na vibarua waliotaka kurudi nyumbani kabla ya giza.

Kung'oa au kusogeza alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na kurudisha zege hakuliondoi kosa hilo, kwa sababu bikoni iliyong'olewa na kurudishwa ni mbaya kuliko iliyopotea. Iliyopotea hupimwa upya. Iliyorudishwa kwa kukadiria husema uongo kwa sauti ya ukweli, na familia mbili hugombana juu yake miaka ishirini. Kama mnajua zilipo mbili, nendeni nazo kwa ofisa misitu au mpima wa wilaya mkiwa na picha na namba zilizochongwa. Hamtapata rupia.

*Mzee mwenzangu, salamu. Mimi ninalima mikorosho ukingoni mwa msitu wa hifadhi katika miteremko ya uwanda wetu wa Makonde. Juzi wajukuu wangu walikuwa wanaokota kuni wakakuta zege lenye namba, kama hatua arobaini ndani ya shamba langu, upande wangu wa njia ambayo sote tumekuwa tukiihesabu kuwa ndiyo mpaka. Mikorosho ya hapo niliipanda mwenyewe kijana. Sijamwambia mtu. Nifanye nini?*
Mkulima, Newala

Salamu nazipokea, mzee mwenzangu, na naelewa kwa nini hujalala vizuri tangu juzi.

Kwanza, bikoni moja si mpaka. Mpaka ni mstari kati ya bikoni mbili, na hiyo uliyoipata yaweza kuwa kona ya msitu, yaweza kuwa alama ya katikati, na yaweza kuwa haihusiani na msitu kabisa. Vijiji navyo vilipimwa kwa ajili ya vyeti vya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na bikoni za kijiji ni za zege vilevile. Kinachotofautisha ni namba na herufi zilizochongwa. Zinakili kama zilivyo, hata zile usizozielewa, wala usizikwangue kwa panga. Tazama pia kama ina mitaro miwili na inaelekea wapi. Ikiwa mmoja wa mitaro unakwenda sambamba na njia yenu, basi huenda njia ilihama taratibu, kama njia zinavyohama mti unapoanguka na watu wakauzunguka, na mstari wa kweli ukabaki nyuma. Hilo hutokea mara nyingi sana na hakuna aliyeiba.

Pili, usikae na jambo hili peke yako. Mweleze mwenyekiti wa kijiji mbele ya mashahidi kwamba bikoni imeonekana, na kwamba wewe ndiye uliyeitoa habari. Mtu aliyetoa habari mwenyewe husikilizwa kwa namna nyingine kabisa na yule aliyefumwa nayo. Kama ubishi ni kati yako na jirani, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Lakini kama ni mpaka wa msitu wa hifadhi, baraza hilo haliwezi kuusogeza, wala mwenyekiti hawezi, wala ofisa misitu wa wilaya hawezi kwa neno lake. Mpaka huo uko katika tangazo la serikali, na njia ya kuujua ni kuomba ramani yake na mpima aje kuufufua mbele yenu wote.

Kuhusu mikorosho, andika umri wake na idadi ya miti iliyo kati ya zege na njia, na ueleze ni nani aliyekuwapo ulipoipanda. Safu za mikorosho ni ushahidi wa muda gani umelitumia eneo, hata kama si ushahidi wa mpaka wenyewe. Usiongeze mche mmoja upande huo kuanzia leo, na msimu huu usichome majani karibu na zege, maana moto hulipasua.

Kisha wapeleke wajukuu wako waitafute ya pili. Waanzie kwenye hiyo ya kwanza, wasimame juu ya mtaro wakiutazama kwa urefu wake, wavute kamba upande huo, na wahesabu. Wakiipata wasiiguse, waandike tu namba na idadi ya kamba, nawe nitumie hesabu hiyo pamoja na ile ya kwanza, nitakueleza kama zinalingana na vipimo vya mnyororo.